Mhariri, Kumano haiendwi kwa basi

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kwako na wenzako wote hapo chumba cha habari. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, mtu wa Tanga, ila saiv niko Osaka nafanya kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika, yale yale mnayoyaona yanashushwa bandarini Dar, na gazeti lenu nalisoma kwenye simu asubuhi ndani ya treni. Sio mtu wa kuandika barua mimi, ila ile makala yenu ya safari kuhusu Japani imenikwama kooni wiki nzima, nikaona bora niiteme yaishe.

Mwandishi wenu kaandika vizuri, sikatai. Tokyo kaitaja, Mlima Fuji kautaja, treni ya kasi kaitaja, hadi vyoo vyenye vitufe kavitaja. Afu mwishoni kabisa akatupia kwamba Wajapani ni watu wa mashine na kazi, mambo ya hija hawana habari nayo. Na kwenye orodha ya sehemu za kutembelea akaweka maporomoko ya Nachi, eti unashuka stesheni, unapanda basi, unapiga picha, unarudi. Mhariri jamani! Hayo maporomoko ni mwisho wa njia ya hija ya Kumano, ambayo watu wameitembea kwa miguu zaidi ya miaka elfu moja. Ni kama mtu kaandika habari za harusi akaeleza pilau tu, bibi harusi hajamgusa.

Lakini na mimi nisijifanye mjuaji, manake mara ya kwanza nilifanya hivohivo. Ilikuwa likizo ya mwezi wa tano, tukajazana washkaji wanne kwenye gari, tukaenda Nachi, tukaona maji yanashuka mita 133 kwenye mwamba, tukapiga picha na ile pagoda nyekundu ya ghorofa tatu kama kila mtu, tukala jodari pale Katsuura ambapo ndo kuna bandari yake, usiku tuko nyumbani. Jumatatu kazini kuna mzee mmoja fundi, kashastaafu ila bado anakuja yadi kwa sababu kukaa nyumbani kunamuumiza, nikamwonyesha picha. Akaniuliza, umetembea? Nikamwambia ndio mzee, tumetembea sana, kutoka tulipopaki hadi kwenye maji. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema Kumano watu hawaendi kuona, wanaenda kutembea. Basi mwezi wa 11 nikaomba siku tano, nikanunua viatu vya maana, nikaenda kutembea.

Kabla sijaendelea, neno hija nitalitumia humu kwa kukosa lingine, masheikh mnivumilie. Labda ziara ndo lingekaa vizuri zaidi, ile ya kwenda kaburini kwa walii, unatoka kwako na nia, unafika, unaomba dua, unarudi umekuwa mwepesi.

Sasa, ukiangalia ramani ya Japani, kusini mwa Osaka kuna kipande cha nchi kimening'inia baharini kama kiwele cha ng'ombe, hiyo ndo rasi ya Kii, imegawanyika mikoa mitatu, Wakayama, Nara na Mie. Pwani kuna reli na miji midogo. Ndani ni milima tu, tena sio mirefu ya kutisha, ila imebanana hakuna tambarare hata ya kuchezea mpira, na msitu umefunika kila kitu. Humo ndani kuna maeneo matatu matakatifu. Koyasan, aliyoianzisha mtawa wa Kibudha Kukai mwaka 816. Yoshino na Omine, kwao wale watawa wa milimani wanaoitwa yamabushi. Na Kumano yenyewe, yenye mahekalu makuu matatu, Hongu, Hayatama na Nachi. Mwaka 2004 UNESCO wakayaingiza kwenye Urithi wa Dunia, na hapa ndo naomba mwandishi wenu asikilize vizuri, hawakuingiza mahekalu peke yake, waliingiza na njia za kuyafikia. Udongo, mawe, ngazi, hata mto Kumano wenyewe umeorodheshwa kama njia kwa sababu mahujaji walikuwa wakishuka nao kwa boti kutoka Hongu hadi Hayatama. Duniani njia za hija zilizopata heshima hiyo ni za kuhesabu, nyingine inayojulikana ni ile ya Santiago de Compostela kule Hispania, na siku hizi ukizitembea zote mbili unaandikishwa pale Hongu, unapewa cheti na unapigishwa ngoma. Ngoma kweli, taiko, kubwa kama pipa.

Njia zipo kadhaa, jina la jumla ni Kumano Kodo, yaani njia za kale za Kumano. Ipo Kohechi inayotoka Koyasan moja kwa moja kusini kama kilomita 70 na inapita vilele vya zaidi ya mita 1000, hiyo ni ya watu wenye mapafu. Ipo Iseji ya upande wa mashariki inayotoka Ise, na kipande chake maarufu kiko Owase, mji ambao unapata mvua karibu milimita 4000 kwa mwaka, ndo maana wazee wao walitandika mawe makubwa kwenye kilele cha Magose ili maji yasiibebe njia, na mawe yapo hadi leo unayakanyaga. Ipo ya pwani, ipo ya yamabushi. Mimi nilishika Nakahechi, ya katikati, ndo ile ya wafalme.

Wafalme wenyewe walikuwa na kichaa nayo, sijui nisemeje. Kuanzia Uda mwaka 907, wafalme waliokwisha kuachia kiti wakawa wanatoka Kyoto kwenda Kumano, safari ya karibu mwezi kwenda na kurudi, na msururu wa watu nyuma. Go-Shirakawa alienda zaidi ya mara 30. Go-Toba mara 28! Piga hesabu mwenyewe, mtu katumia zaidi ya miaka miwili ya umri wake njiani. Mwaka 1201 Go-Toba alimchukua mshairi Fujiwara no Teika kwenye msafara, na yule bwana alikuwa mgonjwa mgonjwa, akaandika kwenye shajara yake mvua, baridi, uchovu, malazi mabovu, yaani ukisoma habari zake unaona kabisa mtu aliyeburutwa na bosi. Mimi ndo niliyempenda kuliko wote kwenye hiyo historia.

Baadaye wakaja watu wa kawaida. Kulikuwa na watawa wanawake wa Kibudha, Kumano bikuni, walikuwa wanazunguka nchi nzima na mchoro mkubwa uliokunjwa, wakifika sokoni wanaukunjua, wanawaonyesha watu moto wa jehanamu na raha za peponi, wanaeleza Kumano ni wapi, wanakusanya sadaka. Watu wakaanza kumiminika hadi Wajapani wakapata msemo, hija ya Kumano ya siafu, manake mstari wa watu kwenye mlima ulionekana kama siafu wanahama. Nadhani Mswahili hahitaji kuelezwa zaidi hapo.

Basi siku ya kwanza. Kutoka Osaka nilichukua treni ya Kuroshio hadi Kii-Tanabe, masaa mawili na kitu, bahari iko kulia, afu basi dakika 40 hadi Takijiri. Takijiri ni hekalu dogo pembeni ya mto, kijumba cha mbao tu chini ya miti mikubwa, na njia inaanza nyuma yake. Hapo zamani ndo ilihesabika umeingia kwenye mlima mtakatifu. Vijihekalu kama hivi vinaitwa oji, vimetawanyika njia nzima, wao wanasema oji 99 ingawa 99 kwao ni kama sisi tukisema mia moja kidogo, maana yake vingi. Pembeni ya kila oji kuna kisanduku cha mbao juu ya mti, kama banda la njiwa, ukifungua mlango kuna muhuri na wino mwekundu, unapiga kwenye kijitabu chako. Jamani sijui nani aligundua hiyo kitu, nilikuwa mtu mzima wa miaka 41 nakimbia mlimani kwa ajili ya muhuri. Kimoja wino ulikuwa umekauka, nikautemea mate nikapiga, ukatoka nusu, bado ninao.

Mlima unaanza hapohapo bila salamu. Dakika kumi na tano tu nyuma ya Takijiri unakuta mwamba una tundu, linaitwa njia ya tumboni, wanawake wakipenya humo inasemekana watajifungua salama. Mi na tumbo langu la chapati sikujaribu. Pembeni yake kuna jiwe la maziwa, hadithi yake ni kwamba mke wa mkuu mmoja wa kaskazini, Fujiwara no Hidehira, alishikwa na uchungu akiwa hija akajifungulia palepale, wakamwacha mtoto pangoni wakaendelea na safari, na mtoto akalindwa na mbwa mwitu na kunyonya maziwa yaliyodondoka kwenye jiwe mpaka wazazi waliporudi. Niliposikia nikawaza mama gani anaacha mtoto anaenda kusali, afu nikakumbuka hata kwetu hadithi za mawalii zina mambo magumu kuliko hayo, nikanyamaza.

Njiani kila mita 500 kuna nguzo yenye namba, kwa hiyo ukichoka unajua umechoka wapi. Nilikuwa nazitukana nikizipita taratibu, ila jioni mwezi wa 11 giza linaingia saa kumi na moja na msituni linaingia mapema zaidi, hapo ndo nilizipenda, nikawa nahesabu namba kama mtu anayesubiri lifti ifike. Nililala Chikatsuyu kwenye gesti ya mama mmoja. Alinipa wali, samaki wa mtoni wa kuchoma, na umeboshi, ile plamu ya chumvi ambayo Wakayama ndo wenyewe. Mhariri, umeboshi ni achari. Chachu, chumvi, inakukunja uso, ni achari ya ndimu ya bibi kabisa imebadilisha passpoti tu. Nilikula nne, mama wa watu akaniangalia kama naumwa, kwao ni moja kwa bakuli. Kesho yake akanifungia chakula cha njiani, mehari-zushi, bonge la wali limevingirishwa kwenye jani la mboga lililolowekwa chumvi, kubwa kiasi kwamba ukiling'ata lazima macho yatoke, na ndo maana ya jina lenyewe.

Saa moja na nusu hivi kutoka hapo, Tsugizakura, kuna miti michache ya sugi mikubwa ajabu, watu watatu hamuikumbatii, na matawi yote yameelekea upande mmoja, kusini, wao wanasema inaelekea Nachi kuswali. Miti hii nusura iwe mbao. Mwaka 1906 serikali iliamuru mahekalu madogo yaunganishwe, moja kwa kila kijiji, na yale yaliyofungwa miti yake ikawa inakatwa na kuuzwa. Akatokea bwana mmoja wa Tanabe, Minakata Kumagusu, msomi aliyekaa London miaka akishinda maktaba ya British Museum, karudi kwao anachunguza vijidudu na ukungu wa msituni, alipigana na amri hiyo kwa barua, magazeti na kelele, mpaka 1910 akawekwa ndani siku 18 kwa kuvamia mkutano. Hakuokoa yote. Hapa Tsugizakura mingi ilishakatwa, hii michache ilibaki. Nilikaa chini yake nikala lile bonge la wali, na nakwambia barua kwa mhariri zina kazi yake, yule bwana magazeti alikuwa anayatumia kama panga.

Kuna kipande mbele hapo nilikuta njia ya kuzungukia kwa sababu kimbunga cha 2011 kiliporomosha mlima, sitaki kukieleza, kilikuwa kupanda na kushuka na kutukana.

Ila Fushiogami lazima nieleze. Hiyo iko karibu na Hongu, ukifika hapo msitu unafunguka na unaona bonde chini, na zamani ndo mahali hujaji alipoona Hongu kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili za kutembea, akapiga magoti. Jina lenyewe maana yake kusujudu. Wanasimulia kuwa mshairi mwanamke, Izumi Shikibu, zaidi ya miaka elfu iliyopita, alifika hapo hapo akaingia kwenye siku zake. Wiki mbili barabarani, amebakiza saa moja afike, na kwa desturi haruhusiwi kuingia. Akatunga shairi la huzuni akalala. Usiku mungu wa Kumano akamjia ndotoni na shairi la kumjibu, kwamba hakuna tatizo, njoo. Na hiyo haikuwa hadithi tu, ndo ilikuwa sifa ya Kumano. Koyasan wanawake walizuiwa mpaka enzi za mfalme Meiji, walikuwa wanaishia nje ya lango kwenye nyumba yao wenyewe, moja ya nyumba hizo bado imesimama. Mlima Sanjogatake kule Omine hadi leo mwanamke hapandi. Lakini Kumano mwanamke aliingia, kipofu aliingia, mwenye ukoma aliingia, mwenye imani na asiye nayo.

Nasisitiza hili kwa sababu binafsi. Mimi Muislamu, nilikuwa na wasiwasi nikifika hekaluni wataniangaliaje nisipopiga makofi na kuinama. Pale Hongu nilisimama pembeni tu nimevua kofia, mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe anafagia majani akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Takijiri, akasema karibu umechoka. Basi. Hakuna lililoongezwa.

Hekalu la Hongu unaloliona leo liko juu ya ngazi, kilimani, mbao za kahawia na paa la magome ya mti, zuri limetulia. Ila pale sipo lilipokuwa. Kwa karne nyingi lilikuwa chini mtoni, kwenye kisiwa cha mchanga mito inapokutana, panaitwa Oyunohara, na daraja hakukuwa, hujaji alikuwa anavuka maji kwa miguu, anaingia mbele ya mungu na ndala za majani zimelowa. Mwaka 1889 mto ukafurika ukabeba sehemu kubwa ya majengo. Yaliyonusurika yakavunjwa vizuri yakasimamishwa upya kilimani mwaka 1891. Kule chini sasa ni uwanja wa nyasi, miti mikubwa kimya, vimawe viwili vitatu vya kumbukumbu, na mbele yake wamesimamisha lango la torii la chuma mwaka 2000, urefu mita 33.9. Mimi lile lango halikunivutia sana kwa kweli, limezidi ukubwa, linaonekana kama la kuingilia uwanja wa ndege. Lakini nilipolipita nikafika kwenye zile nyasi, hakuna kitu, hakuna jengo, hakuna mtu, upepo tu na mto, nilikaa masaa mawili. Basi langu la kwenda Yunomine liliondoka nikiliona.

Na pale Hongu kuna bendera nyeusi zina kunguru wa miguu mitatu, Yatagarasu, ndo aliyemwonyesha njia mfalme wa kwanza Jimmu kwenye milima hii kwa mujibu wa hadithi zao. Wapenzi wa mpira mnamjua bila kujua kama mnamjua, angalieni nembo kwenye jezi ya timu ya taifa ya Japani, kunguru mwenyewe ndo huyo amekanyaga mpira, shirikisho lao linamtumia tangu 1931.

Yunomine ni kijiji cha maji moto, mahujaji walikuwa wanaoga hapo kujisafisha kabla ya Hongu. Kuna kibanda cha mbao juu ya kijito, Tsuboyu, ndani shimo la mawe la kuenea watu wawili, nacho kiko kwenye Urithi wa Dunia, unaoga kwa zamu dakika 30 na mlango unafunga, jambo ambalo kwa mtu mwenye haya zake kama mimi ni neema kubwa, manake mabafu mengine ya Japani mnaoga uchi kundi zima na mabosi wenu. Nje kuna tundu jingine la maji ya karibu kuchemka, unanunua mayai kwenye kimfuko cha wavu, unayatumbukiza, unakaa kwenye benchi kama dakika kumi. Mayai yananukia kiberiti, chumvi kidogo, mwili umelegea. Sijala yai kama lile.

Siku mbili za mwisho ndo mtihani. Kutoka Hongu hadi Nachi kuna vilele viwili, Kogumotori na Ogumotori, yaani kudaka mawingu kudogo na kudaka mawingu kukubwa. Kile kidogo kinakupa mandhari, milima juu ya milima mpaka macho yanachoka, unalala Koguchi bondeni. Asubuhi unaanza kikubwa. Mwanzoni kuna jiwe kubwa limefunikwa na majani ya kijani, limechongwa herufi za Kisanskriti za miungu mitatu ya Kumano, wanasema miungu hukaa hapo kupiga stori na kunywa chai. Nikawaambia kimoyomoyo mnywe tu, mi napita. Afu inaanza Dogirizaka, maana yake mwinuko wa kukata kiuno, unapanda zaidi ya mita 800 kwa ngazi za mawe zisizo na mpangilio, moja fupi kama tofali, nyingine inafika gotini, zote zimelowa na zina utelezi wa kijani. Na mvua ilikuwa inanyesha. Mtu wa Tanga nilidhani najua mvua. Hii haikuwa na haraka, ilishuka taratibu masaa saba mfululizo, imeshuka kwenye kofia, imeshuka shingoni, imefika kwenye soksi imepumzika. Teika naye alipita hapahapa kwenye mvua, yeye amebebwa kwenye machela na bado alilalamika. Nilimsamehe.

Njia hii wenyeji wanaiogopa kidogo. Wanasema huku unaweza kukutana na marehemu wako anakuja upande wa pili, kavaa vizuri, mnapishana. Na kuna pepo wa njaa, daru, akikuingia miguu inakatika ghafla huwezi hata kunyanyua mkono, dawa yake ule chochote hata punje za wali, ndo maana wazee hawamalizi chakula chote njiani, wanabakiza kidogo. Minakata, msomi wa London yule, naye aliandika kwamba lilishamkuta. Daktari atasema sukari imeshuka. Mi ninachojua, karibu na kilele magoti yalikatika, nikakaa kwenye maji, nikakumbuka kipande cha mehari-zushi nilichobakiza kwa maneno ya mama wa gesti, nikala na mikono inatetemeka, baada ya dakika tano nikanyanyuka. Marehemu hakuja. Baba yangu angekuja nisingekataa.

Kutoka hapo unashuka, na mahali panaitwa Funami, yaani kuona meli, mawingu yalipasuka nikaona bahari. Mtu umekaa msituni siku nne unaona bahari, tena na meli mbili kweli zimetia nanga mbali, mwenzenu mtu wa pwani niliangua kilio cha kijinga. Kwenye pwani ile chini kuna hekalu, Fudarakusanji, ambalo watawa wake zamani waliingia kwenye boti yenye kibanda, wakapigiliwa misumari ndani na chakula kidogo, wakasukumwa kusini kutafuta peponi kwa Kannon, yule wa huruma kwenye Ubudha, ng'ambo ya bahari. Inasimuliwa kuna mmoja alibadili mawazo akatoka, wakamrudisha kwa nguvu, na baada ya hapo ikawa wanapelekwa waliokwisha kufa. Mfano wa boti upo, niliuona kesho yake, mdogo kuliko dau la mvuvi wa Mwambani.

Nikafika Nachi saa tisa alasiri. Yale maporomoko yaleyale. Pale hakuna nyumba ya mungu, maji yenyewe ndo yanaabudiwa, kamba ya majani imefungwa juu kabisa yanapomwagikia. Mwezi wa tano nilikuwa nimeyapa mgongo napiga selfi. Safari hii nilisimama nimelowa nayaangalia, na nilielewa kitu cha kijinga tu, kwamba siku nne nilikuwa nakanyaga haya haya maji, kwenye ngazi, kwenye soksi, kwenye kijito cha mayai. Basi la watalii likashusha watu, dada mmoja akaniomba niwapige picha, nikawapiga, wakanishukuru, dakika ishirini basi likaondoka. Ngazi za kushuka Daimonzaka nilizishuka kinyumenyume kwa sababu magoti ya mbele yalikuwa yamegoma, mzee mmoja akadhani ni ibada yetu.

Najua kuna atakayeniuliza njia zetu za kale je, Bagamoyo je. Hiyo ni barua nyingine, na watu waliotembea ile ya kwetu wengi hawakutembea kwa hiari, siwezi kuiweka aya moja na hii.

Ninachoomba Mhariri ni masahihisho, hata mistari mitatu pembeni. Japani hija wanayo, inaendeshwa kwa miguu, na ya Kumano haibagui mtu. Mwenye likizo aende mwezi wa 4 au wa 11, abebe koti la mvua la kweli sio lile la nailoni ya duka la jero, mzigo mkubwa autume kwa gari gesti inayofuata maana huduma hiyo ipo, aweke nafasi za kulala mapema kwa sababu vijiji ni vidogo, na asimalize chakula chote njiani. Treni hadi Kii-Tanabe, basi dakika 40. Mwambieni ashuke Takijiri.

Wenu,
Msomaji wa Tanga, Osaka, Japani